Ubavuni mwa Lori

Mume wangu ni fundi wa vioo. Mtaa mzima unamwita Fundi, na mimi namwita hivyo hivyo, hasa nikiwa nimemkasirikia. Tuna mtoto mmoja wa kike, mwenye miaka saba. Tunamwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haupumziki.

Karakana yetu iko mbele ya nyumba. Katikati pana meza kubwa iliyotandikwa zulia kuukuu. Fundi hulaza kioo juu ya zulia, hupima mara mbili, kisha hupitisha kisu chake chenye gurudumu dogo. Kioo hulia kidogo, halafu hukatika pale pale alipotaka. Kazi yangu ni kusugua kingo zisije zikakata watu, na kufuta alama za vidole. Kasuku haruhusiwi kuingia bila viatu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya nyumba yetu.

Mume wangu ni mtu mwangalifu. Nasema mapema, msije mkadhani nimeolewa na mhuni. Kwa miaka kumi na miwili sijamwona akijikata hata kidole. Habebi kioo bila glavu. Hamruhusi mtu kupita nyuma yake akiwa amebeba kioo. Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo aliwezaje kutupeleka mimi na mwanangu mlangoni mwa kifo, tena huku anapiga mluzi? Hicho ndicho kinachoniumiza roho mpaka leo.

Tuna pikapu ya milango minne. Mgongoni mwake pamesimama kichanja cha mbao, na vioo huegemezwa hapo na kufungwa kwa mikanda. Mjini hakuna shida. Shida iko kwenye barabara kuu, ile yenye njia tatu za kwenda na tatu za kurudi. Pale magari yanakimbia, na upepo unaingia nyuma ya kioo. Mikanda inaanza kuvuma. Kioo kinaanza kugonga mbao, ko, ko, ko. Kila kikigonga, fundi wa vioo anahisi kama anagongwa yeye.

Kwa hiyo mafundi wa vioo wana mbinu yao. Wanaiita kujificha upepo. Unatafuta lori kubwa linalokwenda mwendo wako. Unasogea ubavuni mwake, karibu na mlango wa dereva wake msaidizi, unakaa hapo. Lori linakata upepo, kioo kinatulia. Fundi alifundishwa na bosi wake wa zamani, na bosi naye alifundishwa na mwingine. Hakuna aliyewahi kuuliza kama ni salama.

Jumamosi ile tulikuwa tumebeba kioo cha saluni, kirefu kuliko mimi na kipana kama mlango. Kasuku alikuja nasi kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Aliketi nyuma ya baba yake, amefunga mkanda. Tulipopita daraja la kwanza kioo kilianza kugonga. Fundi akaangaza huku na huku, akaona lori refu lenye turubai la kijani likienda katika njia ya kati. Akaingia njia ya pembeni, akasogea ubavuni mwake, na kelele zikakoma mara moja.

"Umeona?" aliniambia. "Huu ni ukuta unaotembea."

Nilicheka. Nakiri kwamba nilicheka. Kasuku alikuwa anahesabu magurudumu ya lori na kubishana na yeye mwenyewe kama yale ya juu yahesabiwe. Tulikwenda hivyo kama dakika kumi, Fundi akipiga mluzi.

Karibu na kituo cha mafuta, ule ukuta ukaanza kutujia.

Haukuja kwa kishindo. Ulikuja taratibu, kama mlango unaofungwa. Dirisha la Fundi likajaa chuma. Akapiga honi. Honi yetu ya wakati ule ilikuwa na sauti ya mbuzi mgonjwa, na lori halikusikia. Fundi akakata usukani kuelekea pembeni. Magurudumu yakatoka nje ya lami, kokoto zikapiga chini ya gari. Kioo cha pembeni cha pikapu kikang'olewa. Chuma kikakwaruza mlango wa nyuma kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena, na mlango huo ndio alioegemea mwanangu.

Fundi alifunga breki kidogo kidogo mpaka tukasimama kwenye majani. Lori likaendelea na safari yake. Lilitoka kwenye barabara kuu pale kwenye kituo cha mafuta, likapotea, wala halikupunguza mwendo.

Niligeuka nyuma. Kasuku alikuwa mzima, ameshika mkanda wake kwa mikono miwili. Alikuwa kimya. Tangu alipojifunza kusema sijawahi kumwona akinyamaza muda mrefu namna ile. Nilishuka, nikamtoa, nikampapasa kichwa, mikono na miguu. Nyuma yetu kile kioo cha saluni kilikuwa kimepasuka kutoka juu mpaka chini.

Hatimaye mtoto akauliza, "Baba, yule mtu hakutuona?"

"Alituona," Fundi akajibu. "Alituona vizuri sana. Wenye magari makubwa wanatuona sisi kama nzi."

Nami nilimwamini. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yananiwaka. Nilikuwa nimelisoma jina la kampuni ubavuni mwa lori, na Fundi alikuwa ameshika namba zake. Siku mbili zile hatukuwa na mazungumzo mengine. Tulipika hasira, tukala hasira. Fundi alipanga maneno ya kumwambia yule dereva, akayarudia akiwa anaoga. Mimi nilipanga ya kwangu, na yalikuwa makali zaidi.

Jumatatu asubuhi tukaenda kwenye yadi ya malori, sisi watatu, na pikapu yetu yenye mkwaruzo. Mlinzi wa geti alituuliza tunamtaka nani. Fundi akamsomea namba za lori. Mlinzi akasema, "Aa, hilo ni la Shangazi," akaenda kumwita.

Nilitarajia jitu lenye kifua kipana na macho mekundu. Akaja mama wa makamo mwenye kilemba, amevaa miwani, mkononi ana kitambaa cha kufutia kioo. Alitusalimu kwa heshima. Fundi alikuwa amepanga maneno ya kumwambia jitu, kwa hiyo yalimganda mdomoni. Basi nikasema mimi. Nilimwambia kila kitu, nikamwonyesha mlango, kisha nikamwonyesha mtoto aliyekuwa amekaa nyuma ya mlango huo.

Yule mama aliutazama mkwaruzo. Akaupitishia kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye ngazi ya lori lake.

"Jumamosi," alisema. "Sikujua. Wallahi sikujua kama nimegusa kitu."

"Usitudanganye, Shangazi," Fundi alisema. "Tulikuwa hapo hapo ubavuni mwako. Ulituona."

"Hapo ubavuni wapi?"

"Hapo, usawa wa mlango wa msaidizi wako."

"Tangu lini?"

"Tangu daraja la kwanza."

Shangazi alivua miwani. "Dakika kumi? Mlikuwa mnafanya nini mlangoni kwangu dakika kumi?"

Fundi akamweleza habari ya kujificha upepo. Alieleza kwa kujiamini, kama mtu anayefundisha ufundi. Nilimwona Shangazi akibadilika uso. Huruma ilikuwa bado ipo, lakini hasira nayo ikaja ikakaa kando yake.

"Kumbe mimi ni pazia lako," alisema. "Nimebeba tani thelathini, wewe unakuja kuning'inia kwangu na mtoto ndani. Siku ile sikuwa na msaidizi. Niliwasha taa ya kugeukia. Nikatazama kioo. Nikahesabu mpaka tano, nikatazama tena. Hapakuwa na mtu."

"Tulikuwepo."

"Njoo upande kwenye lori," Shangazi akasema.

Alimwagiza Fundi alete pikapu, aiweke ubavuni mwa lori, vile vile kama siku ile. Kisha akampandisha kwenye kiti cha dereva. Mimi na Kasuku tulisimama kando ya pikapu. Kutoka chini nilisikia mazungumzo yao kupitia dirisha.

"Wewe ni fundi wa vioo," Shangazi alisema. "Tazama kile kioo cha upande wa pili, uniambie unaona nini."

"Naona turubai. Naona geti. Naona mlinzi anakunywa chai."

"Na gari lako?"

Nilisikia kiti kikilia. Fundi aliinama mbele, akarudi nyuma, akanyoosha shingo. Nilipunga mikono kama mwendawazimu. Kasuku akaruka ruka.

"Pungeni mikono," Fundi aliniita kwa sauti. "Mko wapi?"

Aliposhuka alikuwa amepauka. Hakunitazama. Alimshika Kasuku mkono, akaniambia nipande nami nikajionee.

Ngazi za lori ni ndefu, nikapanda kwa shida. Nikakaa. Mbele yangu kulikuwa na anga na paa za nyumba. Nikageukia kile kioo kikubwa. Niliona ubavu mrefu wa lori na geti, na mlinzi na kikombe chake. Sikuona pikapu, wala mume wangu. Nilimtafuta mwanangu kwenye kioo kile, niliyemwacha chini nusu dakika iliyopita, na nikajua kwamba kama ningekuwa dereva ningemponda huku namtafuta.

Machozi yalinitoka, wala sikuyaficha. Nilipotoa kichwa dirishani nilimfokea mume wangu. Nilimwambia kwamba miaka yote hii anamkataza mtoto kuingia karakana bila viatu, halafu anampeleka kukaa mahali ambapo hakuna binadamu anayemwona. Nilimwambia kwamba mimi na Kasuku hatutapanda tena pikapu ile kwenye barabara kuu, labda siku nitakapoona kwa macho yangu kwamba amebadilika. Alisema tu, "Una haki, mama Kasuku."

Shangazi alitufundisha pale pale, kwa chaki, juu ya sakafu ya yadi. Alichora lori. Halafu akapaka chaki mahali ambapo dereva haoni. Ni pua ya lori, pale mbele kabisa. Ni mgongoni, nyuma ya turubai. Na ni mbavuni, pande zote mbili, lakini upande wa msaidizi ndio mbaya zaidi, kwa kuwa dereva yuko mbali nao.

"Kumbuka neno moja," alisema. "Kitafute kioo cha lori, umtafute dereva ndani yake. Kama huuoni uso wangu, mimi siuoni wako."

Fundi aliuliza maswali kama mwanafunzi. Je, ukitaka kulipita lori? Shangazi alisema upite upande wa dereva, uwashe taa ya kugeukia, upite moja kwa moja bila kukawia ubavuni, na usirudi mbele yake mpaka ulione lori lote kwenye kioo chako cha ndani. Na ukiwa nyuma yake? Tazama nguzo. Lori likiipita nguzo, anza kuhesabu sekunde taratibu. Ukiifikia nguzo hiyo kabla ya kufika nne, umekaribia mno. Ukiwa na mzigo au mvua inanyesha, hesabu zaidi.

Mimi nilikuwa bado juu kwenye kiti, na kuna kitu kilinisumbua. Juu ya mlango wa msaidizi, kwa nje, kulikuwa na mkono wa chuma uliotokeza. Haukushika kitu.

"Shangazi," nikauliza, "na hapa palikuwa na nini?"

Shangazi aliinamisha kichwa. Akasema palikuwa na kioo kidogo cha duara, kilichobinuka, cha kutazama chini ya mlango. Kilivunjwa na tawi la mti miezi miwili iliyopita. Ameandika ripoti mara tatu. Mkuu wa magari amemwambia asubiri.

"Kingekuwepo, ungetuona?"

"Ningeiona pikapu," alisema. "Si vizuri sana, lakini ningeiona."

Hapo hasira yangu, ambayo ilikuwa imeanza kupoa, ilipanda upya. Safari hii ilijua pa kwenda. Tulikwenda ofisini sote wanne. Mkuu wa magari alikuwa nyuma ya meza yenye kioo juu yake, na feni inampepea. Alitusikiliza huku anapanga karatasi. Akasema lori linatembea, taa zinawaka, breki zinashika, kioo kimoja si jambo la kusimamisha kazi. Halafu akamgeukia mume wangu akitabasamu.

"Si wewe ni fundi wa vioo? Kata kipande hapo, kipachikwe, mambo yaishe."

Nilidhani Fundi angekubali. Yeye ni mtu wa kukubali kazi. Lakini aliweka viganja vyake juu ya meza ya yule bwana, akasema polepole:

"Kioo ninachokata mimi ni bapa. Kitamwonyesha mlango wake tu, naye ataamini hakuna mtu. Pale panatakiwa kioo kilichobinuka, kilichotengenezwa kwa ajili ya lori. Kipande changu kitamdanganya dereva, na mimi sitatengeneza uongo."

Mkuu wa magari akasema tusubiri mwisho wa mwezi.

"Basi tunakwenda polisi sasa hivi," Fundi akasema. "Nitaandika makosa yangu kwanza. Nilikaa mahali nisipoonekana, na mtoto ndani. Sitaficha hata neno moja. Kisha nitaandika ya kwenu."

Shangazi alitoa funguo za lori mfukoni, akaziweka juu ya meza, katikati ya zile karatasi. Nami nikamwomba yule bwana jambo moja tu. Aende akae kwenye kile kiti, atazame kioo, anitafutie mwanangu. Alinitazama mimi, akamtazama Kasuku, ambaye wakati huo alikuwa anahesabu mapanga ya feni kwa sauti. Hakwenda kukaa. Lakini alinyanyua simu, na kabla ya saa sita mchana kioo cha duara kilikuwa kimefungwa. Si cha lori la Shangazi peke yake, bali na vya malori mengine matatu yaliyokuwa na mikono mitupu. Matatu! Ina maana siku zote hizo malori manne yalikuwa yakizunguka barabarani yakiwa nusu vipofu, na mtu mwenye dawa alikuwa anapepewa na feni.

Polisi tulikwenda vile vile. Shangazi alikuja nasi, na kila mmoja aliandika alichofanya. Fundi alionywa vikali kwa kichanja chake, na ilimstahili.

Wiki iliyofuata alikivunja kichanja hicho. Akatengeneza kingine kifupi, chenye ubao mzima mbele wa kukata upepo, ili asihitaji kukopa ukuta wa mtu. Vioo sasa vinalala kwenye vipande vya zulia, na mikanda imevalishwa mpira. Kioo kirefu kuliko kichanja hakipiti barabara kuu. Kinapita barabara ya ndani, taratibu, hata kama safari itachukua asubuhi nzima. Kioo cha pembeni kilichong'oka kilirudishwa Jumatatu ile ile, na honi mpya ina sauti ya mtu mzima.

Mafundi wenzake walimcheka. Mmoja alimwambia kwamba amekuwa mwoga kwa kuogopa mkewe. Fundi alichora lori kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, kama alivyochorewa, akamsimamisha yule aliyecheka kwenye ule ubavu uliopakwa chaki. Akamwambia, "Hapo ulipo, wewe hupo." Yule fundi aliacha kucheka. Ile chaki Fundi huirudia kila ikifutika.

Mimi na Kasuku tulikaa miezi miwili bila kupanda pikapu kwenda barabara kuu. Nilisema nitapanda nikiona, na nilitaka kuona. Siku moja Fundi alikuwa na kioo cha bafuni cha kupeleka ng'ambo ya mji. Nilitazama kichanja, nikavuta kila mkanda kwa mkono wangu. Kisha nikamfunga mtoto mkanda, nikapanda.

Baada ya daraja la kwanza tulikuta lori mbele yetu, katika njia yetu. Fundi alipunguza mwendo. Kasuku akatazama nguzo, akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, tano. Upepo ulikuwepo, lakini kioo kilitulia. Hakuna aliyepiga mluzi.

"Baba," Kasuku alisema foleni ilipotusimamisha nyuma ya lori, "namwona kwenye kioo chake. Ana ndevu."

"Basi naye anakuona," Fundi akajibu.

Kasuku akampungia mkono. Yule dereva asiyetujua akanyanyua kiganja chake, akatupungia.